UZI: Tubuni chaja ya betri ya 12V ya bei ya kwetu. Yangu inawasha taa ya FULL lakini betri haina kitu

#1 Fundi Kibatari
Wakuu habari za humu.

Mimi nachajisha betri za watu mtaani, za gari, za pikipiki na nyingi zaidi zile za sola ambazo mvua ikikaza siku mbili tatu zinalala zote. Chaja za dukani nimezichoka. Zile ndogo za plastiki umeme ukipanda na kushuka kidogo zinakufa, ukifungua unakuta namba za IC (zile chipu) zimekwanguliwa huna hata pa kuanzia, na zile kubwa za chuma bei yake nikipiga hesabu na hela ninayotoza kwa betri moja naona deni watalimaliza wajukuu. Kwa hiyo naunda yangu na nataka tuibuni humu, iwe ya 12V, itoe mpaka amp 10, kila kifaa kipatikane Kariakoo au kwenye mzoga wa kitu kilichokufa, na ikiharibika fundi yeyote wa redio aifufue.

Hadi sasa nina transfoma ya 12V amp 15 niliyosukiwa, briji ya dayodi nne ya kugeuza AC kuwa DC, halafu LM358, chipu inayolinganisha voltaji ya betri na kukata relei (swichi ya umeme) ikifika 14.4V na kuwasha taa ya kijani. Sijaweka kapasita yoyote kwenye njia ya kuchajia.

Shida zangu mbili. Kwanza ikikaribia mwisho relei inagonga tak tak tak tak mfululizo. Pili, na hii ndiyo inanivunjia heshima, betri ya gari ya N70 iliyolala kabisa inaweza kuwasha kijani ndani ya saa chache tu, mteja anaibeba kwa furaha, jioni anapiga simu TV imezima hata taarifa ya habari haijaisha. Je chaja inanidanganya au betri ndiyo inanidanganya?

#2 Mchokozi wa Mbagala
Mteja ndiye anadanganywa mkuu 😂 Nakaa hapa mbele nisubiri vijana wa Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, waje waseme kila kitu kinahitaji Arduino.

#3 Bi Saketi
Kugonga kwa relei ni jambo dogo. Betri ikiwa inachajiwa voltaji yake inakuwa juu, ukikata tu mkondo inashuka palepale mpaka 13 na kitu. LM358 yako inaona 14.4 inakata, inaona 13.6 inarudisha, inaona 14.4 inakata, basi hapo ndipo tak tak tak. Weka rizista toka pini ya kutokea ya LM358 kurudi pini ya chanya ya kuingilia ili sehemu ya kukata na ya kurudisha ziachane mbali, ikate 14.4 irudishe ikishuka 12.8 hivi. Au tumia chipu ya 555, ndani yake kuna vilinganishi viwili tayari, pini 6 inagonga theluthi mbili ya voltaji yake na pini 2 theluthi moja. Iwashe na 7805 inayotoa 5V thabiti, kila pini ipe trimpoti yake (rizista ya kurekebisha kwa bisibisi), umemaliza. Na 555 hakuna duka la vifaa utakakoikosa.

La pili nitarudi, kwanza tuambie, hiyo 14.4 unaipimia wapi? Kwenye terminali za betri au ndani ya boksi la chaja?

#4 Mzee wa Transfoma
Kijana hongera kwa kuanza na transfoma, ndiyo kitu pekee kinachovumilia umeme wetu. Ila 12V umejibana mwenyewe. Piga hesabu. 12V ya AC kilele chake ni mara 1.414 unapata kama 17, toa 1.4 ya dayodi mbili za briji unabaki na 15.5. Hiyo ni umeme ukiwa 230 kamili. Saa mbili usiku mtaa mzima umewasha vitu vyao unapima unakuta 190, transfoma inatoa 9.9, kilele 14, toa dayodi unabaki 12.6. Hapo huchaji kitu, unaipasha moto tu transfoma. Halafu saa nane za usiku umeme unapanda 250, kilele baada ya dayodi kinakwenda 17, betri inachemka wakati wewe unakoroma. Ndiyo maana chaja za zamani za gereji zilikuwa na ile swichi ya kuzungusha yenye hatua nne tano, fundi anachagua kulingana na umeme wa siku hiyo. Rudi kwa aliyekusukia akupe 15V na akutolee matawi, tap ya 13, 14, 15, 16.

#5 Msee wa Luthuli
Sasa wasee, niko Nairobi. Kwa nini mnarudi enzi za transfoma ya kilo nane wakati kila duka la kompyuta limejaza pawa saplai za ATX wanatupa? Tafuta ile ya zamani iko na chipu ya TL494 ama KA7500, hizo mbili ni kitu moja. Pini 1 ndio inasoma voltaji ya kutoka na pini 14 iko na 5V ya kulinganisha. Ukibadilisha rizista zinazoenda pini 1, ile laini ya 12V inapanda mpaka 14.4 na inakaa hapo iwe stima ni 190 ama 250, haijali. Kuna hata pini 16 unaeza tumia kufanya limit ya amp. Hio ndio chaja ya bei ya chini na iko na akili.

#6 Fundi Kibatari
Shukrani kwa wote. @Bi Saketi napimia ndani ya boksi, kwani kuna tofauti? Waya wa kwenda betrini hauzidi mita mbili.

@Mzee, tap nne maana yake na mimi niamke saa nane za usiku kuzungusha swichi?

@Msee, nina ATX kama tatu stoo. Nilishaona jamaa kapandisha hivyo ikakataa kuwaka kabisa, feni inazunguka robo tu inasimama.

#7 Daktari wa Betri
Mnahangaika na chaja bure. Betri iliyokaa imelala wiki mbili tatu inaota salfeti kwenye sahani, ukiichaji voltaji inapanda haraka sana kwa sababu hakuna eneo la kupokea chaji, chaja yoyote duniani itasema FULL. Voltaji si chaji. Nunua haidromita (ya kupima uzito wa asidi) uingize kwenye kila seli, asidi ya betri iliyojaa inasoma 1.26 mpaka 1.28, ukikuta 1.15 huku kijani inawaka ujue unamuuzia mteja joto. Na ukikuta seli tano zinasoma vizuri moja imelala, hiyo betri ni ya chuma chakavu.

Pia N70 ni betri ya kupigia stata! Sahani zake nyembamba zimetengenezwa kutoa amp mia kadhaa kwa sekunde chache, wewe mtu anaikalia na TV na redio mpaka inakata pumzi kila siku. Miezi michache imekwisha. Chaja haina kesi hapo.

#8 Bi Saketi
@Daktari nakubaliana na wewe nusu. Lakini tusikimbilie kuizika betri kabla ya kupima waya.

@Fundi Kibatari hiyo mita mbili ni mita nne, maana kuna kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una kama ohm 0.017 kwa mita. Mita nne ni 0.07 hivi, mara amp 10 ni volti 0.7. Kwa hiyo ndani ya boksi unasoma 14.4, betri yenyewe inaona 13.7. Ongeza na zile klipu za mamba zenye kutu. LM358 inakata mapema na haina kosa, umeiambia hivyo wewe. Toa waya mbili nyembamba za peke yake toka kwenye klipu zirudi kwenye LM358, hizo hazibebi mkondo mkubwa kwa hiyo hazipotezi kitu, au weka waya wa 4mm.

#9 Mzee wa Transfoma
Binti yuko sahihi kwenye waya ila amesahau kitu kimoja. Hana kapasita. Briji bila kapasita inatoa vilima mia kwa sekunde, betri inapokea mkondo pale kwenye ncha ya kilima tu. LM358 ni nyepesi, inaona ile ncha ikigusa 14.4 inakata, wakati multimita yake inamwonyesha wastani. Ndiyo maana naamini hata tak tak yake nusu inatoka hapo.

#10 Bi Saketi
Shikamoo mzee. Sijasahau, betri yenyewe inalainisha vile vilima, na njia ya kusomea ukiweka rizista ya 10k na kapasita ya maikrofaradi 10 vinatoweka.

#11 Mzee wa Transfoma
Marahaba. Betri nzima inalainisha, iliyoota salfeti hailainishi. Weka osiloskopu uone.

#12 Mchokozi wa Mbagala
Osiloskopu mzee? Fundi katuambia hana hela ya chaja 😂😂

#13 Chipukizi_Tech
Mimi naona mnazunguka sana, chukua LM317 moja weka trimpoti seti 14.4 basi, inatoa mpaka amp 5 na ina ulinzi wa joto ndani yake. Ukitaka kisasa zaidi weka Arduino Nano isome voltaji ionyeshe kwenye kioo.

#14 Mchokozi wa Mbagala
Si niliwaambia? #2 nilitabiri.

#15 Msee wa Luthuli
@Chipukizi LM317 ni amp 1.5 bana. Ya amp 5 ni LM338, na ya 3 ni LM350. Halafu hizo zote zinakula tofauti ya voltaji kama joto. Ukiingiza 20 utoe 14 kwa amp 5 hio ni wati 30 za kuchoma hitsinki (chuma ya kupoza chipu), unaeza pikia mayai.

#16 Chipukizi_Tech
Hahaha nilikuwa natazama kama mpo macho. Lakini Arduino sitoi.

#17 Fundi Kibatari
Arduino nimeikataa kwa sababu moja tu. Nikifa au nikihama, atakayerithi chaja hana ile programu niliyoandika. Chipu ikiungua anashikilia boksi la chuma lisilo na maana. 555 atainunua, atabandika, atarekebisha trimpoti kwa multimita, kazi imeendelea.

#18 Mpemba wa Maskati
Assalam aleykum. Mmezungumza 14.4 kama Msahafu, hiyo ni ya nyuzi joto 25. Mimi niko huku Muscat, wakati wa kiangazi karakana inagonga 40 na zaidi, na nyinyi hapo Dar banda la bati mchana halipungui 35. Betri ya risasi ikipata joto inataka voltaji ndogo, kwa kila nyuzi moja juu ya 25 punguza kama milivolti 18 mpaka 24 kwa betri nzima ya seli sita. Kwenye 40 unatakiwa ukate 14.1 hivi. Ukishikilia 14.4 maji yanakauka na sahani zinaliwa. Fundi wa huku tukiona betri zimevimba ubavu kwanza tunauliza chaja ilikuwa wapi, juani au kivulini.

Dawa ya rahisi, dayodi za kawaida zinapunguza kama milivolti 2 kwa kila nyuzi joto. Ukizipanga kwenye njia ya kusomea ukazigandisha kwenye ubavu wa betri unapata fidia ya joto bila chipu ya ziada.

#19 Daktari wa Betri
Wa aleykum salaam. Hii ya dayodi nimeipenda. Ila tahadhari, yeye anasema betri haijai na wewe unamwambia apunguze voltaji 😀

#20 Mpemba wa Maskati
Ndiyo, apunguze voltaji aongeze muda. Haraka ndiyo inayoua.

#21 Kijana wa Balbu
Huku kwetu mbona hatuna shida hizo, tunachukua umeme wa ukutani, dayodi moja, balbu ya wati 100 kwenye mstari mmoja na betri, balbu inazuia mkondo usizidi. Usiku kucha betri ya pikipiki imejaa. Gharama ni dayodi na balbu tu.

#22 Bi Saketi
Naomba mtu yeyote anayesoma hii asiifanye. Hapo hakuna transfoma, maana yake terminali za betri zimeunganika moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukishika klipu mguu uko kwenye sakafu yenye unyevu umekwenda. Mtoto akigusa betri amekwenda. Na balbu haijui betri imejaa lini, inaendelea tu.

#23 Mzee wa Transfoma
Nimezika mwanafunzi wa fundi kwa mchezo huo. Sitaki utani nao.

#24 Kijana wa Balbu
Sawa wazee. Nimesoma.

#25 Kabati la Vifaa
Nimepita pita uzi wote, hamjataja njia ninayoiona rahisi kuliko zote. Adapta ya laptop ya zamani, ile ya 19V amp 3.42, wati 65. Zipo mitaani kila kona, na ndani yake umeme wa ukutani umeshatengwa tayari. Mbele yake funga moduli ya kushusha voltaji ya XL4015, ile yenye trimpoti mbili, moja ya voltaji moja ya amp. Seti 14.4, seti amp, umemaliza. Ikianza betri iko chini inapeleka mkondo uleule, ikifika 14.4 inashikilia hapo na mkondo wenyewe unapungua taratibu. Hii ndiyo betri ya risasi inataka, siyo kukata ghafla kama relei ya Fundi Kibatari.

Wati 65 toa upotevu unapata kama amp 4 hivi za kweli kwa 14.4. Amp 10 hupati, N70 itachukua kama saa 20. Lakini nani ana haraka?

#26 Fundi Kibatari
Mimi ndiye nina haraka 😅 wateja wanataka betri jioni ileile.

#27 Msee wa Luthuli
@Kabati uko sawa lakini ongezea hizi, kwanza hio moduli wanaandika amp 5 lakini bila hitsinki na feni usipitishe 3 ama 4. Pili usiunganishe hasi ya kuingia na hasi ya kutoka, ile rizista ya kupima mkondo iko hapo katikati, ukiziunganisha limit ya amp inapotea na hutajua mpaka kitu kinuke. Tatu kuna moduli nyingine ndogo za LM2596 wanakuambia ni amp 3, nyingi ni feki. IC halisi inaswichi kwa kilohezi 150, zile feki zinakimbia kama 50 na zinachemka haraka.

#28 Mwana Goma
Jambo bandugu. Miye niko Goma, huku courant (umeme) inakatikaga kila mara. Nilitumiaga ile saketi ya adapta na moduli. Siku courant ilikatika usiku, asubui nakuta betri imeshuka na taa ya adapta inawaka! Courant hakuna lakini taa inawaka. Betri ilikuwa inarudisha moto nyuma kupitia moduli. Muweke dayodi ya Schottky kwenye njia ya kutoka, kisha mupandishe voltaji nusu volti kwa kulipa ile dayodi inakula.

#29 Kabati la Vifaa
Safi sana. Na hapo @Bi Saketi atasema usome voltaji baada ya dayodi siyo kabla.

#30 Bi Saketi
Nilikuwa naandika hivyohivyo 😄 dayodi inakula kidogo mkondo ukiwa mdogo na zaidi mkondo ukiwa mkubwa, huwezi kuilipa kwa namba moja. Ila kwa moduli hiyo ya dukani kuhamisha sehemu ya kusomea kunataka mkono mwepesi na lehemu nyembamba, kwa wengi njia ya Mwana Goma inatosha. Rekebisha trimpoti chaji ikiwa mwishoni kabisa, mkondo ukiwa umeshashuka.

#31 Mchokozi wa Mbagala
Hivi hii betri ya risasi tunayoihangaikia hivi aligundua nani? Edison?

#32 Daktari wa Betri
Hapana, Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Edison alikuja miaka arobaini baadaye na ya nikeli na chuma akitegemea itaua ya risasi. Mpaka leo ya risasi ndiyo iko chini ya kila boneti.

#33 Chipukizi_Tech
Na ndiyo maana nasema tuachane nayo. 1859 mkuu! Twendeni betri za lithiamu, LiFePO4. Seli nne, kikomo 3.65 kila moja yaani 14.6 jumla, haigandi salfeti, huongezi maji, haichemki. Chaja ya 14.4 ya Kabati inaichaji bila kubadilisha kitu.

#34 Kabati la Vifaa
Inaichaji ila lazima betri iwe na BMS ndani inayoangalia kila seli. Na ukishajaza ondoa, haihitaji kushikiliwa kwenye 13.6 siku nzima kama ya risasi. Na zile chaja zenye kitufe cha kuondoa salfeti zinazopiga mapigo ya voltaji kubwa usiziguse kwenye lithiamu.

#35 Daktari wa Betri
Mteja wa Fundi analeta N70 ya mtumba unamwambia habari ya LiFePO4? Tubaki kwenye mada.

#36 Fundi Kibatari
Wakuu mrejesho. Nimebadilisha waya nimeweka 4mm, nikatoa na waya mbili za kusomea kutoka kwenye klipu kama Bi Saketi alivyosema, na LM358 nimeipa rizista ya kurudisha. Tak tak imekwisha kabisa. Kabla ya kubadilisha nilipima kwanza, boksi 14.4, terminali 13.8.

Sasa N70 ya mteja yuleyule imewasha kijani baadaye zaidi kuliko mwanzo lakini bado mapema. Nikachukua betri yangu ya nyumbani ambayo ni nzima nikailaza kwa taa ya gari kisha nikaichaji, hiyo imekaa mpaka giza linaingia ndipo kijani. Na haidromita nimeazima, ya mteja seli tatu zinasoma 1.20, mbili 1.22, moja 1.13.

#37 Daktari wa Betri
Kesi imefungwa. Ile 1.13 ndiyo maiti. Nilisema #7.

#38 Bi Saketi
Haijafungwa. Umebadilisha waya, umebadilisha sehemu ya kusomea, halafu umebadilisha na betri, vyote kwa mpigo. Hata hizo seli tano nzima ziko 1.20 na 1.22, hakuna hata moja iliyofika 1.26. Maana yake bado unakata mapema hata kwa seli zisizo na tatizo. Relei ikikata 14.4 inapogusa tu, betri inakuwa imejaa kama asilimia 80 hivi, iliyobaki inaingia pole pole wakati unashikilia ile 14.4 na mkondo unashuka. Wewe huipi hiyo nafasi. Kabati alisema #25.

#39 Mzee wa Transfoma
Na mimi naongeza la tatu. Haidromita umeiingiza lini? Ukipima palepale baada ya chaji fupi, asidi nzito inayotoka kwenye sahani inazama chini, juu unakofyonza kuna asidi nyepesi. Ndiyo maana zamani tulikuwa tunaiacha betri ya maji ichemke kidogo mwishoni, mapovu yanakoroga. Kama sukari chini ya kikombe, ukionja juu utasema chai haina sukari. Ichaji mpaka ichemke kidogo, iache itulie, ndipo upime tena kabla hujamwambia mteja betri imekufa.

#40 Daktari wa Betri
Mzee mapovu yanakoroga seli zote sita sawasawa. Kwa nini moja iko 1.13?

#41 Mzee wa Transfoma
Labda kuna mtu aliijaza maji ya bomba hiyo moja. Muulize mteja.

#42 Fundi Kibatari
Nimemuuliza, anasema aliongeza "maji ya betri" alinunua kwenye chupa dukani. Chupa yenyewe haina lebo 😩

#43 Mchokozi wa Mbagala
Maji ya chupa isiyo na lebo, IC isiyo na namba, hii betri imeandamwa.

#44 Daktari wa Betri
Chupa isiyo na lebo inaweza kuwa maji au asidi, na kuongeza asidi kwenye betri ambayo imepungua maji tu ni kosa kubwa. Linalopungua ni maji, asidi inabaki.

#45 Msee wa Luthuli
Turudi kwa ATX, nilikuwa nimeulizwa #6 sikujibu. Inakataa kuwaka kwa sababu ukipandisha 12 mpaka 14.4 hio ni asilimia 20, na laini zote ziko transfoma moja kwa hivyo 5V nayo inapanda mpaka 6. Saketi ya ulinzi inaona 6 inazima kila kitu. Lazima utafute ule mguu unaosoma 5V kwa ulinzi uutenganishe. Halafu badilisha kapasita za laini ya 12V, nyingi ni za 16V, weka za 25V. Na toa laini zile huhitaji.

Onyo, upande wa kuingilia kuna 325V DC imekaa kwa zile kapasita mbili kubwa hata baada ya kuchomoa. Zitoe chaji kwa balbu ama rizista kwanza, usitumie bisibisi kama shujaa. Na kama iko na swichi nyekundu ya 115/230 nyuma, ing'oe uifunge kwa 230 kabisa, kuna mtoto wa mtu ataigeuza.

#46 Mzee wa Transfoma
Sasa angalia hesabu ya kazi uliyompa. Kung'oa ulinzi, kubadilisha kapasita, 325V ndani, na kila ATX ina saketi yake tofauti na jirani. Yeye alitaka fundi yeyote wa redio aifufue. Transfoma, briji, relei. Vitu vitatu.

#47 Msee wa Luthuli
Na shaba ya transfoma ya amp 15 utanunua na nini mzee? Hapo ndio pesa yote ya mradi imeenda. ATX ni bure.

#48 Fundi Kibatari
Nyote mna haki, ndiyo shida. Nawaza kuunganisha, transfoma yangu ibaki ya kazi ya kwanza ya amp kubwa mpaka 14.1 (nimemsikia Mpemba), halafu relei ikibadilika isikate, ihamishie betri kwenye adapta ya laptop na moduli ya Kabati imalizie pole pole. Mchana napata kasi, usiku namalizia. Kuna ubaya?

#49 Kabati la Vifaa
Hakuna ubaya, dayodi ya Mwana Goma iwepo na relei iwe ya miguu mitano. Weka fyuzi ya amp 15 karibu kabisa na klipu ya chanya, siyo ndani ya boksi. Mimi naweza kuchora bodi kwenye KiCad (programu ya kuchora saketi) niiweke hapa bure, upande mmoja tu, mtu anaweza kuichora hata kwa kalamu ya wino na asidi ya kuchonga.

#50 Bi Saketi
Kabati ukichora acha nafasi ya dayodi tatu za joto na kiunganishi chake. Na Fundi, swichi izime upande wa ukutani KABLA ya kutoa klipu. Betri inayochemka inatoa haidrojeni, ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba cheche moja ya klipu inatosha kupasua betri usoni. Chaji kwenye upepo.

#51 Dada Boda
Samahani wataalamu, naingilia. Mimi ni dereva wa pikipiki, betri yangu ni ya amp saa 5 tu, nikiipeleka kwa fundi anaifunga kwenye hiyo chaja kubwa ya amp 10 pamoja na za magari, inarudi ya moto. Kuna kitu kidogo cha kujitengenezea?

#52 Chipukizi_Tech
Hapa sasa ndipo LM317 yangu inaingia! Ifunge kama kizuizi cha mkondo, 1.25 gawanya kwa rizista. Ukiweka ohm 2.2 unapata amp 0.57, ndiyo moja ya kumi hivi ya betri yako. Rizista iwe ya wati 2, hitsinki ndogo, na uilishe kwa ile adapta ya laptop ya 19V.

#53 Bi Saketi
Safari hii amepatia 👏 Ila Dada, hiyo haijui kukata. Pima kwa multimita, ikifika 14.4 chomoa.

#54 Dada Boda
Asanteni. Multimita nanunua ya aina gani, hizi za njano za bei ndogo zinafaa?

#55 Mzee wa Transfoma
Zinafaa kwa volti. Ila ukizikuta zinaonyesha 16 kwenye betri iliyolala usishtuke wala usiifukuze betri, badilisha kwanza ile betri ya 9V iliyo ndani ya multimita yenyewe.

#56 Mchokozi wa Mbagala
Sasa hiyo ya 9V naichajije? 😂

#57 Kabati la Vifaa
Usianze. Bodi ya kwanza ya KiCad naiweka Jumapili, mwenye hoja ya tap za transfoma na mwenye hoja ya ATX walete vipimo vya umeme wao wa usiku, siyo maneno.